Kazini wanataka tucheze haka ya Wamaori ili "tuwe kitu kimoja". Hivi inaunganisha watu kweli au ni kelele tu?

Mpakizi
Wakuu salaam. Niko Auckland, Nyuzilandi, mwaka wa sita huu, nafanya kazi kwenye ghala la mizigo, jina la kampuni naliacha maana bado nakula hapo. Mwezi ujao kuna mkutano wa mwaka wa wafanyakazi wote, wa ghalani, madereva, wa ofisini, na watu wa HR wamekuja na wazo kwamba tufungue kwa haka, ile ngoma ya kughani na kujipiga mwili ya Wamaori, wenyeji wa asili wa huku, eti tumekuwa kila mtu na lwake na haka itaturudisha kuwa kitu kimoja.

Juzi tukaitwa kantini saa ya chai, tukagawiwa karatasi ya fotokopi ina maneno ya Ka Mate, haka inayojulikana kuliko zote, kwa herufi kubwa, meneja kasimama juu ya kiti anatuonesha namna ya kupiga mapaja na kifua, kitambulisho chake cha shingoni kikawa kinaruka kinampiga kidevuni kila akijigonga. Watu wamekufa kwa kicheko. Mimi nilikuwa nimekaa na mzee mmoja wa Kimaori tunayepakia naye, tunamwita Matua, ndo namna yao ya kumuita mtu mzima kwa heshima. Hakucheka wala hakununa. Aliikunja ile karatasi mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba, akaendelea na chai yake. Nikamuuliza vipi Matua, akasema tu "nani anawafundisha?" basi, hakuongeza neno.

Sasa nauliza, kuna mtu kashawahi kufanyishwa haka kazini? Inaleta umoja au tunatolewa jasho bure?

Kiroboto
Haka kamchezo kanaitwa haka? Haya sawa. Natega kiti hapa.

Raga_Nakuru
Kwanza hiyo kitu wengi wanaiita ngoma ya vita na kumaliza. Ya vita ipo, inaitwa peruperu, ile ya kushika silaha na kuruka. Lakini haka ziko nyingi, iko ya kupokea wageni, iko ya matanga, iko ya harusi, hata mwalimu akistaafu wanafunzi wanampigia moja pale uwanjani mpaka mzee analia. Mimi nimecheza raga miaka mingi, na timu yao ya sevens, raga ya watu saba saba, huwa inapiga haka BAADA ya kushinda kombe, wamevua jezi, wamechoka, wanashukuru. Hapo adui ni nani? Kwa hiyo HR wangejiuliza haka gani kwanza.

Mzee Kodi
Wana nyingine inaitwa Kapa o Pango. Siku ya kwanza kuisikia nikajua jamaa wanalilia kodi ya pango kama sisi huku.

Kiroboto
@Mzee Kodi na asiyelipa anatoka kapa 😂

Tatu wa Tabata
Mpakizi mimi yamenikuta. Kampuni niliyokuwepo zamani ilituletea mkufunzi wa timu bildingi kutoka Afrika Kusini, tukapelekwa hoteli moja ya ufukweni Bagamoyo, watu kama arobaini hivi. Jamaa hajawahi kufika kwa Wamaori wala hajui neno lao moja zaidi ya yaliyoko kwenye slaidi zake. Akatupanga mistari, akasema toeni macho toeni ndimi. Mhasibu mkuu wetu, mtu wa miaka 58, suruali ya kitambaa kaikunja hadi magotini, akautoa ulimi wote mpaka kidevuni, maskini alikuwa anafuata maelekezo tu. Kuna mtu akampiga picha. Mpaka jioni ile picha imeshakuwa stika kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, na kuanzia hapo kila mtu akicheleweshewa posho ya safari anaitupia. Yule baba hakusema kitu, akajitoa kwenye grupu kimya kimya. Umoja gani huo.

Ila nisiwe mchoyo, kuna na la upande wa pili. Tulikuwa na dereva mmoja mpole, miaka minne namfahamu sijawahi kumsikia anaunga sentensi mbili. Mkufunzi akatafuta mtu wa kuanzisha, mabosi wote sauti zimekauka kooni, yule dereva akafungua mdomo, jamani, sauti ilitoka tumboni, hadi wavuvi waliokuwa wanashona nyavu pale pembeni wakaacha kazi wakasimama kutuangalia. Na tukamuitikia kweli, tena bila kucheka. Tangu siku ile mkurugenzi akaacha kumuita "dereva", akawa anamuita jina lake. Sasa sijui niseme ni haka au ni nini.

Mpakizi
@Tatu wa Tabata ahsante sana dada, hicho cha dereva kimenigusa.

Fundi Saa
Hayo ya dereva yana maelezo yake, tuache ushirikina. Watu wakifanya kitu kimoja kwa mapigo mamoja wanakuwa wepesi kusaidiana. Kuna utafiti wa Wiltermuth na Heath wa Stanford wa mwaka 2009, waliwatembeza watu wengine kwa hatua moja na wengine kila mtu kivyake, wengine wakaimba pamoja, halafu wakawapa michezo ya hela ambayo mkishirikiana mnapata wote na mkiwa wabinafsi mnaumia. Waliokwenda kwa pamoja walishirikiana zaidi. Na wala haikuwa lazima wawe wamefurahia lile zoezi. Kwa hiyo haka, gwaride, kupiga kasia, kutwanga kinu watu watatu kwa zamu, ni yale yale.

Binti Komba
@Fundi Saa ingekuwa hivyo sisi tuliosoma shule za msingi za zamani tungekuwa ndugu wa damu. Nimekimbia mchakamchaka miaka saba, alfajiri, umande hadi magotini, mmoja anaanzisha wote tunaitikia. Na niliokimbia nao ndo hao hao walionidhulumu kiwanja.

Fundi Saa
Nimesema wanashirikiana zaidi, sijasema milele. Kiwanja ni kitu kingine kabisa 😅

Chui Mweusi
Nyie mnazunguka tu. Ile kitu kazi yake ni kutisha. Ukikaziwa macho vile na watu kumi na tano miguu inakufa ganzi, ndo maana All Blacks, timu ya raga ya Nyuzilandi, wanashinda. England kombe la dunia la raga 2019 walijifanya kuwajibu kwa kujipanga umbo la V, wakapigwa mechi na faini juu.

Raga_Nakuru
@Chui Mweusi hapana kaka. Faini ni kweli, pauni 2,000, kwa sababu baadhi yao walivuka mstari wa kati. Lakini ile nusu fainali England ndio walishinda, 19 kwa 7, na nahodha wao Owen Farrell alikuwa anatabasamu tu wakati haka inapigwa. Fainali ya 2023 pia haka ilipigwa vizuri na Afrika Kusini wakabeba kombe 12 kwa 11. Kama ni ya kutisha basi haitishi kila mtu.

Ninavyoona mimi haka inamfanyia kazi anayeipiga. Na hata hapo si bure. Tafuteni video za All Blacks za miaka ya 70 mtacheka, wazungu wamesimama vibaya, mmoja anapiga paja mwingine anakuna, kila mtu na mdundo wake, aibu tupu. Tena wakati huo kwao nyumbani walikuwa hawaipigi sana, ilikuwa kitu cha safari za nje. Aliyebadilisha ni Buck Shelford pamoja na Hika Reid, Wamaori wote wawili, miaka ya 1985 hadi 87. Waliwaambia wenzao ama tuifanye sawasawa ama tuiache kabisa. Wakaanza kufundishwa maneno, maana yake, mikono inakaa wapi. Kwa hiyo kama kuna umoja ulikuja, mimi nauona kwenye yale mazoezi na kwenye kuamua, sio kwenye zile sekunde za kupiga kelele.

Chui Mweusi
Sawa hilo la 2019 nimekubali. Ila mimi ningekimbia.

Mwl. Mapunda
Watu wanataja Ka Mate bila kujua inasema nini, naomba nisimulie. Aliyeitunga ni Te Rauparaha, chifu wa kabila la Ngati Toa, mnamo 1820 hivi. Alikuwa anakimbizwa na maadui, akafika kwa chifu mwingine anaitwa Te Wharerangi, pale ziwa Rotoaira, akafichwa kwenye shimo la kuhifadhia viazi vitamu. Juu ya shimo akakaa mwanamke, Te Rangikoaea, mke wa mwenyeji. Wanaomtafuta wakapita na maombi yao ya kiganga hawakumuona. Alipotoka ndo akaimba, ka mate ka mate, ka ora ka ora, maana yake ni kifo, ni kifo, ni uzima, ni uzima, na mwishoni jua linawaka, kwa sababu katoka gizani kaona mwanga.

Sasa fikirini, ni wimbo wa mtu aliyekuwa amejibanza shimoni anatetemeka roho mkononi. Si wimbo wa shujaa anayeshambulia. HR wa Mpakizi wanajua wanaimbisha watu habari ya shimo la viazi?

Mzee Kodi
Kumbe pango lilikuwepo kweli!

Kiroboto
Na mate je? Ka mate ka mate, mi nilijua wanahesabu mate yanayoruka.

Nesi wa Hamilton
Mwalimu umesimulia vizuri, niongezee kimoja mimi niko huku huku Nyuzilandi na nimeolewa kwenye ukoo wa Kimaori. Kukaa kwa yule mama juu ya shimo ndiyo kiini cha kisa. Kwao nguvu ya mwanamke inavunja makali ya uganga, ndo maana maombi ya wale wafuatiliaji yalidunda. Na kwa chifu mkubwa kujificha chini ya mwanamke kulikuwa ni kujishusha kusikosemeka, lakini ndo kilichomponya. Mama mkwe wangu akisikia mtu anasema haka ni mambo ya kiume tu anamkatisha pale pale. Timu ya raga ya wanawake, Black Ferns, wana haka yao, Ko Uhia Mai, na kwenye tamasha la Te Matatini wanawake wanasimama mstari wa mbele. Ulimi tu ndo wa wanaume, sisi tunatoa macho na kidevu. Dada Tatu, huyo mkufunzi wenu wa Bagamoyo alikuwa anabahatisha.

Tatu wa Tabata
Na mimi niliutoa ulimi wangu wote 🙈

Jaji wa Mtandaoni
Halafu Mpakizi mjiangalie, Ka Mate ina sheria. Mkiipiga bila kibali cha Ngati Toa mnashtakiwa.

Nesi wa Hamilton
@Jaji sheria ipo, ya mwaka 2014, ila haisemi hivyo. Inasema ukiichapisha kibiashara, ukiirusha kwa umma au ukiionesha kwenye filamu, utaje kwamba mtunzi ni Te Rauparaha na alikuwa chifu wa Ngati Toa Rangatira. Kuipiga laivu mbele ya watu hakumo, wala masomoni. Kwa hiyo kisheria kampuni ya Mpakizi ikicheza tu ukumbini haina kesi. Wakichukua video wakaiweka kwenye tangazo lao la kuajiri watu ndo waandike hilo jina.

Ila sheria ni kitu kimoja na heshima ni kingine. Mwaka 1979 pale chuo kikuu cha Auckland wanafunzi wa uinjinia walikuwa na mazoea ya kila mwaka kufanya haka ya mzaha, wamevaa sketi za majani, wamejichora mwilini, wanaimba matusi. Wamaori walilalamika miaka hawasikilizwi. Tarehe 1 Mei mwaka ule kundi la vijana likawavamia wakiwa mazoezini, ikawa ngumi, watu wakafikishwa mahakamani. Ule mzaha haukurudi tena. Wazee wa huku hawajasahau. Ukimuona Matua anakunja karatasi mara nne kaa ujue anakumbuka kitu.

Ustadh wa Likoni
Mimi haka sikuwa na habari nayo hadi ile Machi 15 ya 2019, walipouawa waumini 51 misikitini Christchurch siku ya Ijumaa. Siku zilizofuata nikaona video za wanafunzi wa shule wamesimama barabarani karibu na msikiti wanapiga haka huku wanalia. Wengi wao si Waislamu, hawatujui. Nilikuwa dukani, nikazima feni ili nisikie vizuri, na nikasikia nywele zimesimama. Sikuelewa neno hata moja lakini nilielewa. Kwa hiyo mtu akiniambia haka haiunganishi nitambishia, lakini pia akiniambia aichukue akauzie bidhaa nitambishia vile vile.

Binti Komba
Ustadh umeniliza asubuhi yote hii.

Meneja Watu
Naona HR tunasulubiwa, wacha nijitetee, nafanya kazi hiyo Nairobi. Kwanza nikubali, watu wengi wa kazi yangu tunanunua kifurushi, mkufunzi anakuja na spika yake anaondoka na hundi. Lakini maelezo ya mapigo sijui ya shujaa mimi sikubaliani nayo sana. Nilichokiona kwa macho yangu ni aibu. Bosi ambaye siku zote anakaa nyuma ya meza kubwa, leo jasho linamtoka, tumbo limetoka kwenye shati, amekosea hatua, na mfagizi kamuona. Mkishaonana wote mkiwa wapumbavu ile ngazi inashuka kidogo, kesho yake mtu anathubutu kugonga mlango wa bosi. Ingeweza kuwa haka, ingeweza kuwa mbio za magunia.

Tatu wa Tabata
@Meneja Watu aibu mliyogawana ninyi sisi ilimuangukia mhasibu peke yake. Mkurugenzi wetu alikuwa pembeni kwenye kivuli, anashika dafu, anapiga makofi.

Meneja Watu
Hapo ndo alipoharibu.

Mzee Kodi
Mimi na utu uzima wangu nasema hivi, ongezeni mshahara, mtaona watu watakavyoimba bila mkufunzi.

Jaji wa Mtandaoni
NAKAZIA.

Raga_Nakuru
Mzee Kodi hiyo ni kweli lakini haijibu swali. Timu ya kijiji haina mshahara hata shilingi na wanakufa uwanjani kwa ajili ya mwenzao.

Nesi wa Hamilton
Jamani na hili mlisahau. Novemba 14 ya 2024, ndani ya bunge la Wellington, Hana-Rawhiti Maipi-Clarke, mbunge kijana kuliko wote wakati huo, alisimama wakati wa kura ya muswada wa kutafsiri upya mkataba wa Waitangi, ule wa 1840 kati ya machifu wa Kimaori na Waingereza, akauchana mswada vipande viwili akaanzisha haka. Ni Ka Mate hii hii. Wenzake wakainuka, na watazamaji kule juu wakaitikia, spika akasimamisha kikao. Mwaka uliofuata akafungiwa siku saba na viongozi wenza wa chama chake siku 21 kila mmoja. Muswada wenyewe ulianguka, kura 112 kwa 11. Sasa Ka Mate hiyo ndo HR wanataka ifungue mkutano wa mwaka wa ghala.

Kiroboto
Mpakizi piga siku ya kujadili ovataimu, tuone kama utafungiwa siku saba.

Fundi Saa
Kwa kweli huo mfano wa bunge unanipa shida kidogo kwenye maelezo yangu. Mapigo yale yale, maneno yale yale, imewaunganisha wa upande mmoja na kuwatenga na wa upande wa pili ndani ya chumba kimoja. Kwa hiyo inaunganisha dhidi ya nani, labda ndo swali.

Binti Komba
Si nilisema mimi. Kiwanja!

Mpakizi
Wakuu nimerudi na mrejesho, poleni nimechelewa, wiki mbili hizi kontena zimekuwa nyingi. Nilimfuata Matua tukiwa gheti la kupakia, nikamwambia nimewauliza watu wangu wa Kiswahili na kuna dada wa Hamilton kanieleza ya 1979. Akacheka kidogo, akasema mwaka huo alikuwa na miaka kumi na saba, akaishia hapo. Halafu akasoma ile karatasi yangu kwa sauti, mimi nikamfuatisha, akashangaa natamka sawa kuliko wenyeji wa kizungu wengi. Nikamwambia a e i o u zenu ni zetu, ila hapo kwenye "wh" mnaposema kama f ndo pananitega.

Basi tukaenda naye HR. Akawaambia yuko tayari kufundisha ila si Ka Mate, ataomba ruhusa kwa wazee wa eneo hili la ghala na kutafuta kitu kifupi kinachohusu hapa, na anataka wiki sita, mara mbili kwa wiki, ndani ya saa za kazi zinazolipwa, na meneja mkuu awepo kila siku kama wengine. Yule dada wa HR akaandika yote kwenye daftari lake, mpole tu, hana shida. Kesho yake jibu likaja, mkutano una nafasi ya dakika arobaini kwa "shughuli ya pamoja" na bajeti imeshafungwa.

Tatu wa Tabata
Enhe, ikawaje?

Mpakizi
Mkutano umefanyika jana. Tumevuta kamba, ghala dhidi ya ofisi. Matua alikaa nyuma kabisa amejifunga kamba kiunoni, na alikuwa anatuhesabia mapigo kwa Kimaori, tunavuta wote kwa pamoja, mimi mbele yake viatu vinateleza kwenye nyasi.

Fundi Saa
Mapigo mamoja! Mlishinda?

Mpakizi
Hapana. Ofisi wana jamaa wawili wa Kisamoa.

Kiroboto
Kwa hiyo mmetoka kapa.

Mzee Kodi
O Pango.